Mto wa Daraja

Kabla ya kulikubali jiwe lolote, Mwashi aliligonga kwa nyundo, akaliinamia na kulitegea sikio. Likitoa mlio mrefu alisema, "Hili zima." Likitoa mlio mfupi wa kukwaruza alisema, "Hili linakohoa," na jiwe linalokohoa hakuliweka popote, hata kwenye banda lake la kuku. Siku moja nilimtania kwamba angefaa kupima vifua vya wagonjwa kule hospitali ya Kitete. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba mgonjwa anaweza kukudanganya, jiwe haliwezi.

Jina lake silitaji. Mbele yake tulimwita Fundi, na akiwa hayupo tulimwita Mwashi, kana kwamba Tabora nzima haikuwa na mjenzi mwingine wa mawe. Nyumba yake ilipakana na shule ya misheni ambako nilifundisha wasichana kusoma, kuandika na kushona, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa mfupi, tukisalimiana juu yake kila asubuhi. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba, Mwalimu. Nyuki wako wameamkaje?" Nyuki walikuwa wasichana wangu, kwa jinsi walivyokariri masomo yao tangu jua linapochomoza.

Namwandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni daraja la mawe alilolijenga katika barabara ya Urambo, mahali ambapo njia ya zamani ya misafara ya Ujiji ilivuka mto. Sijaona kitu cha mikono ya watu kilichonishangaza kama kile, na sasa hakipo. Ya pili ni kwamba katika kuvunjwa kwake mkono wangu ulikuwamo, na kwa miaka mingi yeye hakujua. Ningependa kuanza na hiyo ya pili nipumue, lakini hamtaielewa msipomjua yeye kwanza.

Ustadi wake aliupata kwa Bruda. Huyu alikuwa mtawa mzungu wa misheni, mjenzi, mrefu, mwenye ndevu ambazo hukujua weupe wake ni wa uzee au wa chokaa. Alimchukua Mwashi kazini zamani sana, reli ilipofika na upagazi ukafa, na vijana waliozoea kubeba mizigo hadi pwani wakabaki wakijiuliza mabega yao ni ya nini. Wawili hao walijenga makanisa, visima na mabweni. Bruda alitoka katika mji wenye daraja la mawe la kale, na alilipenda daraja hilo kuliko inavyompasa mtawa kupenda kitu cha dunia. Alimpa Mwashi picha yake, kadi ngumu iliyopauka kingo. Mwashi aliihifadhi katika kitambaa cha hariri ambacho mkewe aliapa kwamba kilinunuliwa kwa ajili yake.

Mwashi hakuwahi kupanda meli. Pwani alifika na mzigo begani, akautua, akageuka. Lakini habari za daraja lile la kwao Bruda, Mwashi alizisema kama mtu anayesema habari za mtaa wa pili. Lilianza kujengwa mamia ya miaka iliyopita, alisema, na walioweka jiwe la kwanza hawakuliona la mwisho, wala watoto wao hawakuliona. Lina matao kumi na moja, na hakuna mawili yanayofanana, kwa kuwa kila mwashi alijifunza katika makosa ya mwashi aliyemtangulia. Alikuwa akiweka ukucha wake mweusi juu ya picha na kunisomea kama msahafu. "Hili ni la mtu mwoga, tazama lilivyochongoka juu. Hili la pili mtu alikuwa na haraka, labda masika yalikuwa yanamjia. Hili la tano, ah, huyu alikwisha kuelewa."

Kila nguzo ya daraja lile, alinieleza, ina pua upande yanakotoka maji, ili mto upasuke na kupita bila ugomvi. Juu ya kila pua kuna kibaraza, mwenda kwa miguu ajibanze hapo mkokoteni upite. Katikati kuna kanisa dogo la kumshukuru Mungu kwamba umefika nusu. Na mwishoni kuna mnara wenye lango, ambapo mwenye mji alidai hongo, ule ushuru wa kupita, kwa kila mpita njia. Hapo Mwashi alicheka mpaka akatoa leso. Watemi wa Unyamwezi walidai hongo kwa misafara, wageni wakawaita washenzi kwa ajili hiyo. "Kumbe wenzetu walijenga na mnara wa kuidaia!"

Lakini kilichomvuta zaidi ni vile lilivyodumu. Vita vilivunja tao moja. Mafuriko yalichukua mengine mawili, na watu wa mji wakaingia mtoni maji yalipopungua, wakayaokota mawe yale yale, wakayarudisha juu. Bruda, ambaye Kiswahili chake kilikuwa chake peke yake, alizoea kueleza jambo hilo kwa sentensi moja, na Mwashi aliirudia mara nyingi akiiga sauti yake kwa heshima kubwa: "Daraja ya kwetu nalala juu ya mto miaka mingi sana, hapana amka." Nami nilicheka kila mara na sikuitafakari hata siku moja.

Bruda alipoitwa Ulaya na wakubwa wake kwa ugonjwa wa kifua, daraja la barabara ya Urambo lilikuwa bado mchoro. Wote walidhani kazi imekufa. Mwashi akasema ataifanya, akapewa, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kupewa. Mto wenyewe wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, wanawake huchimba humo visima vya kuteka maji. Masika unakuja umebeba miti mizima na ng'ombe waliokufa, na kingo zake ni ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ambao hakuna mjenzi anayeupenda. Misingi aliichimba na kuifunika kabla watu wa mjini hatujaanza kwenda kutazama, kwa hiyo kilichokuwa chini ya nguzo hatukukijua.

Vibarua wake walikuwa watu wa vijiji vya jirani, na hawakuamini kwamba mawe yanaweza kukaa hewani bila kitu cha kuyashika. Mwashi hakuwachorea picha chini. Aliwaita wazee watatu waliowahi kwenda safari za pwani, akawapa mizigo mitatu ya kuni iliyofungwa kipagazi, mirefu na myembamba. "Tueni kama tulivyokuwa tukitua kambini," akawaambia. Wazee wakaisimamisha mizigo kwa ncha na kuiegemeza vichwa, kama wapagazi walivyofanya kila kituo ili asubuhi mtu asiiname mno kuuinua wake.

"Upi unaoushika mwenzake?" Mwashi akauliza.

Wazee wakaizunguka. Mmoja akasema, "Hakuna. Yote inataka kuanguka, ila inaangukiana."

"Basi tao ndilo hilo. Haya, kazini."

Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena. Mimi niliyesoma nilikuja kukuta jambo hilo limeelezwa katika kitabu kwa kurasa nne, na sikulielewa vizuri kama walivyolielewa wale vibarua.

Tao hujengwa juu ya kalibu ya mbao iliyopindwa, na jiwe la juu kabisa likishaingia na chokaa ikishika, kalibu huondolewa. Siku ya kuondoa kalibu ya tao la kwanza nilikwenda na wasichana wangu wakubwa katika lori la misheni. Watu walijaa kingo zote mbili. Mwashi alimwamuru kila mtu apande juu, kisha akashuka mwenyewe chini ya tao na nyundo yake, kuzitoa kabari moja baada ya nyingine. Mkewe alimpigia kelele, "Baba, toka huko! Unataka kuniachia mawe niyale?" Akajibu kutoka chini kwamba aliyelijenga ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kujua.

Kabari ya mwisho ilipotoka, tao lilishuka. Nililiona kwa macho yangu. Lilishuka upana wa ukucha, vumbi likamwagika juu ya kofia yake, na umati mzima ukavuta pumzi kwa pamoja. Kisha likatulia. Mawe ambayo wiki chache nyuma yalikuwa marundo kando ya barabara, yenye mijusi, yalikuwa yamesimama juu ya hewa na mbingu ilionekana chini yake. Nilijua hesabu, nilijua kwamba hakuna muujiza, na bado nikamshika mwanafunzi wangu bega. Mwashi alitoka akipangusa uso. Alisema neno moja tu, "Limekaa," akaomba maji ya kunywa.

Msidhani alikuwa mtu wa kunyooka kama timazi lake. Alikuwa Mwislamu wa kuswali kwa saa, lakini akishika mwiko wa uashi alipiga mluzi wa nyimbo za kanisa, kwa kuwa Bruda alizitumia kupima mwendo wa kazi, na beti nne zilikuwa ndoo moja ya chokaa. Shehe alimwonya, naye akaahidi kuacha, na siku ya pili mluzi ulisikika ukutani mwangu tangu asubuhi. Alijenga nyumba za watu zisizovuja tone, na ya kwake ilivuja kila masika, ndoo zikipangwa sebuleni. Aliyaogopa maji. Mtu huyo aliyeufunga mto kwa mawe hakuwahi kuingia mtoni kupita vifundo vya miguu, na alioga kwa kata kana kwamba anamwagilia mche. Kwa vibarua alikuwa mkali wa kutisha, lakini aliyekosea hakumfukuza. Alimfanya abomoe kwa mikono yake na kujenga upya, huku yeye ameketi karibu akimsimulia habari za safari ili asione haya.

Mkewe alizoea kutuambia sisi wanawake kisimani, "Mimi nimeolewa mitala. Mwenzangu ni lile daraja. Hapiki, hafui, na bado ndiye anayeulizwa hali kila siku." Ni kweli kwamba kila baada ya mvua kubwa Mwashi alitembea hadi mtoni, akaweka kiganja juu ya kila nguzo, akarudi. Masika ya kwanza yalikuja na nguvu. Daraja lilisimama. Yakaja mengine, na mengine, mpaka watu wakazoea, wakaanza kulipita bila kutazama chini. Mimi sikuzoea kamwe. Kila nilipolivuka kwenda Urambo nilimwomba dereva apunguze mwendo, na nilijua wenzangu wananicheka.

Baada ya vita vikuu vya pili alikuja Bwana Barabara. Ndivyo tulivyomwita mzungu kijana aliyepewa kusimamia barabara za upande wetu. Hakuwa mtu mbaya. Malori yalikuwa yameongezeka na kuwa mazito, na yeye aliogopa kwamba siku moja mojawapo litatumbukia na watu ndani. Akachimba kando ya nguzo ya kati kutazama msingi. Alitazamia kukuta mwamba. Akakuta magogo ya mninga, yaliyobabuliwa kwa moto na kupangwa safu juu ya safu, yakipishana, yamezikwa katika mchanga wenye maji. Nguzo ya mawe ilikuwa imeketi juu yake.

Nilikuwapo, maana Mwashi aliniomba nifuatane naye asije akakosa kuelewa maneno ya wakubwa. Bwana Barabara alishika kichwa. "Mawe juu ya miti, Fundi? Mti unaoza. Hii itaanguka."

"Limekaa masika mengi, bwana."

"Bahati. Mimi siwezi kuandika kwa wakubwa kwamba barabara inategemea bahati."

"Daraja la kwao Bruda liko hivi hivi," Mwashi akasema. "Na lile limekaa kuliko sisi wote."

Bwana Barabara alifunga daftari lake. Akasema kwamba kabla ya mvua atalivunja kwa baruti na kujenga la saruji. Lakini Fundi akimletea neno la mtu mjuzi kwamba madaraja ya kale ya Ulaya yamejengwa juu ya miti, yeye ataliacha, na atayasema hayo kwa wakubwa wake. Nadhani alisema hivyo kwa adabu tu. Mwashi aliichukua kama ahadi, na kwa kweli ilikuwa ahadi.

Alasiri ile ile alikuja kwangu na karatasi aliyoinunua kwa Mhindi. Yeye alijua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini Bruda alijua za kizungu tu, kwa hiyo mwandishi awe mimi. Akaketi, akavua kofia. "Mwandikie hivi. Mpe salamu zangu. Kisha muulize, mto wa daraja la kwao ni wa mti gani? Mimi wangu nimeutandika kwa mninga. Anijibu upesi, daraja letu liko hatarini."

Nikashusha kalamu. "Mto wa mti, Fundi?"

"Mto. Ule linaolalia." Akaweka kiganja chini ya shavu, akafumba macho, kunionyesha. "Si yeye mwenyewe alisema linalala juu ya mto? Picha inaishia kwenye maji, mto hauonekani. Nilikisia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Bruda alikuwa anasema mto wa maji. Daraja liko juu ya mto, jambo ambalo hata nyuki wangu wadogo wangelisema. Na mtu huyu alilibeba neno hilo moyoni, akachimba mchanga, akababua magogo, akalitengenezea daraja mto wa kulalia kama mtoto mchanga. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikaona jinsi barua ile itakavyosomwa mbele ya Bwana Barabara, na makarani watakavyoisambaza sokoni kabla ya adhuhuri. Fundi aliyelaza daraja kwenye mto! Nilijiambia kwamba namwokoa na aibu. Lakini niseme yote. Nilijionea aibu mimi pia. Bruda aliwafahamu masista walionisomesha, na sikutaka swali la namna ile lifike kwake kwa mwandiko wangu mzuri.

Basi nikaandika. Yeye aliifuata kalamu kwa macho, akisikiliza ikikwaruza. Niliandika kwamba Fundi anakusalimu, ni mzima, anakukumbuka, daraja linamsumbua kidogo, mwombee. Nikafunga bahasha.

"Umeliandika la mto?"

"Nimeliandika, Fundi."

Jibu lilikuja kiangazi kikiwa kinaisha. Nilimsomea kama lilivyo. Bruda alifurahi, alikuwa mgonjwa, alimwombea. Mwashi alisikiliza mpaka mwisho, akabaki ameinamisha kichwa.

"La mti hakusema?"

"Hakusema."

"Soma tena polepole. Labda limo katikati ya maneno."

Nilisoma tena. Nikasoma mara ya tatu. Akaikunja ile barua, akaiweka pamoja na picha katika kile kitambaa cha hariri, akasema pengine Bruda amesahau, watu wakiugua husahau. Kisha akaenda kumwambia Bwana Barabara kwamba neno halikuja.

Siku ya baruti sikwenda. Walioenda walisimulia kwamba mlipuko wa kwanza uliwafukuza ndege tu. Wa pili ulilichana tao moja, nalo likabaki limeangukiana hivyo hivyo, halikudondoka. Ni wa tatu ulioliteremsha. Mwashi alisimama ukingoni muda wote na kanzu yake safi, kama mtu aliyekuja mazishini. Kisha walifunga magogo kwa minyororo wakayavuta kwa lori ili waweke msingi wa saruji, na hayakutoka. Walijaribu wiki nzima. Waliyatia shoka, na shoka likadunda, yalikuwa yamekuwa magumu kama chuma. Mvua ilikuwa imekaribia. Mwishowe Bwana Barabara akaamuru nguzo mpya zimwagwe juu ya magogo yale yale, kwa muda tu, alisema, mpaka mwaka utakaofuata. Akahamishwa kabla ya mwaka huo kufika. Daraja la saruji lilisimama hapo, limelalia mto wa mninga, na mtu yeyote aliyepita njia ile alivushwa na kazi ya Mwashi bila kujua. Niliposimuliwa hayo nilikaa kitako. Hata hivyo mawe yake yalikuwa yametupwa kando, na yeye hakupita tena barabara ya Urambo.

Miaka ilikwenda. Mwashi alizeeka kwa haraka, macho yakaingia ukungu, mluzi ukapungua. Tuliendelea kusalimiana juu ya ukuta. Mara mbili nilianza kumwambia, na mara zote mbili niliishia kuulizia kuku.

Halafu nikapata barua ya Bruda, iliyoandikwa kwangu mimi. Mwandiko ulitetemeka. Kiswahili chake kilikuwa kile kile. "Mwalimu, mimi mzee sana, karibu kufa. Kitu moja nasumbua roho. Fundi mimi nafundisha tao, nafundisha nguzo, nafundisha chokaa. Msingi ya ndani ya maji hapana fundisha, wakubwa naniita mbele ya kufika huko. Yeye natia nini chini? Daraja ya kwetu iko magogo ya mwaloni chini ya nguzo, ndani ya mchanga na maji. Mwaka ya jua kali naonekana, sisi watoto naruka juu yake. Sema yeye tafadhali."

Niliisoma nimesimama, nikatafuta kiti. Kila mtoto wa mji ule alijua. Swali la Mwashi lilikuwa na jibu, jibu lenyewe lingetosha, na Bwana Barabara alikuwa ametoa neno lake. Kilichonishinda kuamini ni kwamba kwa kosa la neno moja, mzee mmoja wa Tabora alikuwa amefika mahali pale pale walipofika waashi wa kale wa mji asioujua, kwa njia ambayo hakuna aliyemwonyesha. Nilikaa na barua hiyo mwezi mzima wa Ramadhani, nikijiambia kwamba mzee amefunga, nisimsumbue. Kabla mwezi haujaandama misheni wakaletewa habari kwamba Bruda amefariki.

Siku ya tatu ya Idi nilikwenda. Alikuwa uani juani, kwenye kitanda cha kamba, mkewe akimpozea uji. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia niketi karibu maana ananiona nusu. Nilimpa kwanza habari za kifo. Alisema yale wanayosema Waislamu kwa maiti, polepole, yote. Kisha nikamsomea barua.

"Rudia pale pa magogo."

Nikarudia. Uso wake ukafunguka kama wa kijana. "Mwaloni," akasema. "Mama, umesikia? Mwaloni. Kwa hiyo ni magogo kweli."

"Fundi," nikasema, "swali lako sikuliandika."

"Swali lipi?"

"La mto. Ile barua ya wakati ule. Nilikwambia nimeliandika, sikuliandika." Nikamweleza yote, kwamba Bruda alikuwa akisema mto wa maji, si wa kulalia, na kwamba niliona watamcheka. Mkewe aliacha kupoza uji.

Midomo ya Mwashi ikachezacheza. Kisha akapasuka kwa kicheko. "Kumbe maji! Daraja liko juu ya maji! Ah, Bruda, na mimi nikamtandikia kitanda!" Alicheka hadi akakohoa, mkewe akamshika mgongo, naye pia alikuwa anacheka. Mimi sikuweza. Kicheko kilipomwisha alijifuta macho kwa pindo la shuka, akanigeukia.

"Wangenicheka siku ngapi, Mwalimu?"

Nikaikunja barua ya Bruda.

"Siku tatu? Wiki? Wangechoka." Alisema bila ukali, kama mtu anayepima kitu kwa uzi. "Una karatasi?"

"Ninayo."

"Andika."

"Bruda amefariki, Fundi."

"Umeshaniambia. Andika."

Nikaandika juu ya goti langu, kama alivyonitajia mara ile, neno kwa neno. Salamu. Mto wa daraja la kwenu ni wa mti gani? Mimi wangu nimeutandika kwa mninga. Nikamsomea. Akanyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaileta karibu na jicho lake lililobaki na nuru kidogo, akaigeuza huku na huku.

"Neno lenyewe ni lipi hapa?"

Nikamshika kidole, nikakiweka juu yake. Alilipapasa taratibu, herufi tatu, na wino ambao ulikuwa haujakauka ukamchafua.

"Dogo hivi," akasema, "na likakushinda."